Mimi Njo Nilichagua Mazutu

Mupenzi wangu Papa Furaha,

Hakuna posta inayofika kule uko, basi ninakuandikia wazi, mbele ya kila muntu. Atakayesoma kabla yako anisamehe mwandiko. Unajua niliacha masomo ku mwaka wa sita wa shule ya musingi, na ulinichekaka kwamba ninaandika kama ninavyosema. Haya, ninaandika kama ninavyosema.

Niko Walikale. Watoto wako wazima. Furaha amefikisha miaka tisa na anasoma vizuri kuliko mimi. Baraka, uliyemuacha mu mugongo yangu, sasa anakimbia mpaka ninachoka kumuita. Ni majuma mawili sasa, wamama wenzangu wa biashara walinituma kazi moja. Tuko wanne, tumeunganisha nguvu ili tununue pikapu ya okazi, iliyokwisha kutumiwa na wengine, na ku kiwanja cha mufanyabiashara mumoja hapa kulikuwa mbili za kuchagua, zinafanana kama mapacha. Moja moteri yake inakunywa mazutu, ile dizeli, ingine inakunywa esanse, ile petroli. Wakasema: "Mama Furaha, wewe uliishi na shofere. Enda utuchagulie."

Hawakujua wananiomba nini. Ile gari yetu ya Nyabiondo, kule tuliishi, mimi njo nilichagua moteri yake. Na toka siku uliyokufa nimelala na kuamuka nikijua kwamba moteri ile njo ilikuua, kwa hiyo aliyekuua ni mimi. Sijawahi kumuambia muntu. Leo ninakuambia wewe.

Unakumbuka vile tulibishana? Ulikuwa umechoka kuendesha gari ya watu. Kila jioni uliporudi ulikuwa unaongea pikapu, pikapu, mpaka sombe inapoa mu sahani. Ulitaka ya esanse.

"Esanse iko ku kila kona," ulisema. "Watu wa pikipiki banaiuza mu chupa toka Masisi mpaka Kashebere. Mazutu nitaitafuta wapi? Na asubuhi esanse haisumbuake. Unagusa ufunguo, inawaka."

"Njo maana siitaki," nikajibu. "Utaleta bidoni za esanse mu nyumba."

Mutoto wa jirani yetu alikuwa ametoka kuungua. Mama yake alificha bidoni ya esanse chini ya kitanda, taa ikaanguka, na mutoto akatoka pale na mikono ambayo sitaki kuiandika hapa. Mimi njo nilimushika wakati walimupakaa dawa. Furaha alikuwa wa umri uleule.

"Mama Furaha," ulisema, "watu banachagua moteri sababu ya mulima, sababu ya muzigo. Wewe unachagua sababu ya chini ya kitanda?"

"Ndiyo. Chini ya kitanda njo mutoto wangu anachezaka."

Ulicheka mpaka ukakaa juu ya gunia ya maharagi. Kisha ukanitazama, kicheko kikaisha, ukasema: "Haya. Mazutu." Neno moja. Ningekujua kidogo ningedhani nimekushinda, lakini nilijua umenisikia. Si kila mwanaume anasikia muke wake ku mambo ya gari.

Tukaenda Goma. Ulitaka tufike kwa muuzaji asubuhi sana, kabla hajafungua macho. Ilikuwa siku ya Mungu, nami nikakataa. Nilisema hatuwezi kununua kitu kikubwa vile bila kupita ku misa kwanza. Tukapita. Padri alihubiri murefu, kwaya ikaimba wimbo kila mara mbili, na mimi nikajaza maji ya baraka mu kachupa kadogo. Tulipofika kwa yule muzee muuzaji jua lilikuwa juu ya kichwa. Alitupokea na kiti, na soda, akatuita watoto wake. Ukaingia, ukagusa ufunguo, moteri ikawaka papo hapo. Ukatoka unachekelea. Mimi nikaomba afungue kapo, kile kifuniko cha mbele, nikamwaga maji ya baraka juu ya moteri. Ikalia "tsss!" Moshi mweupe ukapanda mpaka ku uso yangu.

"Mungu amepokea!" nilisema kwa sauti. Watu wakapiga mikono. Yule muzee alipiga mikono kupita wote.

Kumbe.

Ilikuwa asubuhi ya pili Nyabiondo, na baridi ile ya milima yetu, wakati tuliamuka kuwasha gari yetu mpya na ikakataa. Uligeuza ufunguo, nye-nye-nye-nye, kimya. Ukashuka, ukafungua kapo, ukasimama hapo murefu. Kisha ukaanza kucheka peke yako.

"Mama Furaha, njoo uone. Ile maji ya baraka ilituambia kama moteri iko moto. Muzee alikuwa ameiwasha kabla tufike, ili tusijue kama inasumbuaka mu baridi. Mungu alituonya na moshi, siye tukapiga mikono!"

Mwingine angenitukana. Angesema misa yako, chupa yako, mazutu yako. Wewe ulicheka, na ukanifundisha ile taa ndogo ya njano pale mbele ya usukani. Ulisema moteri ya mazutu inataka ipashwe moto ndani kwanza. Unageuza ufunguo nusu, taa inawaka, unangoja. "Usiiharakishe. Ikizimika yenyewe, njo uwashe." Na hata hivyo kuna siku ilikataa, sababu yetu ilikuwa imechoka. Kwa hiyo kila jioni uliipanga ku mutelemuko karibu na nyumba, pua ikitazama chini. Asubuhi ikikataa, unaiachilia itelemuke, inashituka, inawaka. Furaha alikuwa anapiga mulango na kakofi kake: "Amuka, muvivu!" Majirani walitupitia na majembe yao, wanasema: "Papa Furaha, gari yako bado inangojea chai?" Nawe unajibu: "Inangojea kwanza na mukate."

Ile myaka ilikuwa mizuri. Ninaandika hivyo nikijua kwamba vita ilikuwa karibu siku zote, kwamba kuna majuma tulilala na viatu ku miguu. Lakini ulibeba maharagi kwenda Walikale, ukarudi na mafuta ya mawese, na mara moja ulinichukua mimi pia. Tulipita ule mupando wa matope mbele ya Kashebere. Gari mbili za esanse zilikuwa zimekwama hapo, zinalia kama mbuzi, magurudumu yanazunguka bure. Yetu ilipita pembeni yao polepole, kama mama mwenye mimba anayepanda mulima, inapumua, inapumua, na ikafika juu. Ukasimamisha, ukanipangusa tope ku shavu na kidole cheusi cha mafuta, ukasema: "Ulichagua vizuri." Nilikutazama kama unanichekelea. Hukuwa unanichekelea.

Maneno hayo njo yaliyonichoma kupita yote, baadaye.

Asubuhi ile, gari haikulala ku mutelemuko. Ulikuwa umeiacha ku kiwanja cha depo, ile gala ya maharagi, mahali pa tambarare, sababu mulipakia maharagi jioni na ulitaka kutoka mapema. Masasi ya bunduki yakaanza kulia ku milima kabla sijawasha moto wa chai. Hukupandisha sauti. Ulifunga Baraka ku mugongo yangu wewe mwenyewe, ukakaza kitambaa mara mbili.

"Shika njia ya miguu, si barabara," ulisema. "Gari njo banatafutaka. Nitawakuta Kashebere."

"Na wewe?"

"Nitatupa maharagi chini, nibebe wazee. Enda, Mama Furaha. Enda."

Furaha alikushika muguu. Ulimutoa vidole kimoja kimoja, ukamuinamia ukamuambia kitu ambacho hajawahi kuniambia ni nini. Tukatoka na watu wengine kati ya mashamba ya muhogo. Nyuma yetu nilisikia gari. Nye-nye-nye-nye. Kimya. Nye-nye-nye. Kimya. Mara ya tatu. Kisha tukapita nyuma ya kilima na sikusikia kitu tena, wala moteri wala wewe.

Kashebere nilikaa pembeni ya barabara siku ngapi sijui. Kila gari iliyotokea nilisimama. Halafu akafika papa mumoja wa kwetu, akavua kofia mbele yangu, nikajua kabla hajafungua kinywa. Alisema walikukuta ku kiwanja cha depo, karibu na gari, mulango wazi. Walikuzika palepale nyuma ya depo, wakasali. Nilimuuliza neno moja tu, na yeye alidhani huzuni imenigeuza kichwa.

"Gari ilikuwa imetoka mahali pake?"

"Hapana, mama. Ilikuwa palepale."

Palepale. Kwa hiyo haikuwaka. Ulikaa mule unageuza ufunguo, unangoja taa ya njano, na wale wenye bunduki wanatelemuka. Ingekuwa ya esanse ungegusa mara moja, ungekuwa umefika mbele yetu. Hivyo njo nilijihesabia makosa: kwanza bidoni ya jirani, kisha misa, kisha kachupa ka maji, kisha mimi nikisimama Goma na moshi ku uso ninashukuru Mungu. Siku moja nilienda kuungama, nikapiga magoti. Nitaungama nini, moteri? Nikamuambia padri kwamba nilisema uongo sokoni, akanipa Salamu Maria tatu, nikarudi nyumbani na dhambi yangu.

Hapa Walikale ninauzisha chai na mikate ya mafuta ku parkingi, mahali magari yanayotoka Bukavu na Kisangani yanasimama. Mashofere wanaongea, mimi ninasikiliza. Nimejua moteri kwa masikio kuliko vile ungefikiri. Ninajua ile inayokula mafuta, na ile iliyowekewa mazutu yenye maji. Lakini gari ya mazutu ikikataa asubuhi, nye-nye-nye, mukono wangu unamwaga chai. Wanasema: "Mama Furaha, leo uko na mawazo." Ninacheka nao.

Mama Kavira njo mukubwa wetu, mwanamuke wa kutoka Butembo, mwenye duka ya chumvi na sabuni. Hacheke ovyo na hadanganyike. Yeye na wengine wawili wananunuaka mawese mu vijiji vya pori, nami ninapikaka na kuuza. Tulichoka kuomba nafasi juu ya magari ya watu, ambako muzigo wa mwanamuke njo unaoshushwa wa kwanza gari ikikwama. Kwa hiyo pikapu hii si mchezo. Nikichagua vibaya, si mimi peke yangu ninayelala njaa. Ni nyumba inne.

Tukaenda kwa Papa Kasereka, muuzaji, mapema, umande ukiwa bado ku majani. Sikumusalimia kwanza. Nilifungua kapo ya ile ya mazutu, nikaweka kiganja juu ya moteri.

"Mama," akasema Papa Kasereka, "unaipima homa?"

"Ninapima uongo, Papa."

Mama Kavira akageuka pembeni ili asicheke. Moteri ilikuwa baridi. Ya esanse pia baridi. Mama Kavira akatoa mu kikapu maji ya baraka, nikamushika mukono. "Ngoja, mama. Kwanza ziwake. Mungu ataona baadaye."

Ya esanse iliwaka papo hapo, laini, unaisikia kidogo tu. "Munaona?" akasema Papa Kasereka. "Kama redio!" Kisha akaingia mu ile ya mazutu. Nikaona taa ya njano inawaka, na yeye hakuingoja. Akageuza ufunguo. Nye-nye-nye-nye.

Sijui vile nilifika ku gogo moja nyuma ya ukuta. Nilikaa pale na kichwa kati ya magoti. Mama Kavira akanifuata.

"Tununue ya esanse," nilimuambia.

"Ya esanse? Na zile pipa za mawese ku matope ya Kashebere? Mama Furaha, tunanunua gari ya kazi, hatununue gari ya arusi."

"Nimechagua, mama."

"Siye tulituma masikio yako," akasema. "Wewe unatuletea woga wako. Ninakupa mpaka siku ya kwanza ya juma. Rudi na masikio." Akaenda.

Nilimukasirikia siku tatu. Siku ya ine, akafika mama mumoja ku meza yangu ya chai, akakaa bila kuagiza kitu. Sikumutambua sababu alikuwa amekonda. Ni Mama Sifa, wa nyuma ya kanisa yetu kule Nyabiondo, yule aliyekuwa na kuku wengi. Vita ilimupeleka upande wa juu, kwa ndugu za bwana yake, na sasa amefika huku kutafuta shamba. Tulishikana, tukalia kidogo, nikamumiminia chai. Hakuikunywa.

"Nilikuonaka toka siku tatu," akasema. "Nilikuwa ninapita mbali. Nilikuwa ninaogopa."

"Unaogopa nini, dada?"

"Papa Furaha aliniokoa na batoto bangu. Nilifikiri unajua. Nilifikiri unanichukia."

Nilimuambia kwamba sielewi. Hapo njo akanieleza, akishika kikombe na mikono miwili.

Gari iliwaka, Papa Furaha. Mara ya ine ao ya tano, anasema, lakini iliwaka. Ulitupa maharagi, ukapakia mama wazee na wenye watoto wadogo, ukawapeleka mpaka ng'ambo ya kilalo, ile daraja ya muto, mahali masasi hayafiki, ukawashusha. Wao wakashika njia ya juu, njo maana hata mumoja hakufika Kashebere kunieleza. Ulikuwa umepona. Barabara ya Kashebere ilikuwa mbele yako, wazi.

"Mama-mukwe wangu alikuwa amebaki," akasema Mama Sifa. "Gari ilijaa. Mimi njo nilimushika dirisha, nikamuomba: kaka, rudi umuchukue. Rudi mara moja tu. Mimi njo nilimuomba, Mama Furaha."

Na ulirudi. Vijana waliokuwa mafichoni njo walimueleza yaliyofuata. Ulisimamisha palepale ku kiwanja cha depo. Hukuizima moteri, ulisema ukiizima haitakubali tena. Ulishuka kumubeba yule bibi mu mikono. Wale wenye bunduki wakafika na moteri ikiwa bado inanguruma. Alizima muntu mwingine, si wewe.

Mama Sifa akangoja nimuhukumu. Chai ilimumwagikia ku vidole kama inavyonimwagikia mimi. Huyu mama amekaa myaka hii yote upande mwingine wa mulima, anajihesabia makosa kama mimi.

"Kunywa chai," nilimuambia. "Hata usingemuomba angerudi. Ninamujua. Ungemukataza, angerudi vilevile."

Akalia sana. Wasafiri walifikiri tuko na matanga. Na kweli tulikuwa nayo, imechelewa tu.

Sasa nikuambie kitu kibaya. Alipoenda, nilitegemea roho yangu itakuwa nyepesi. Haikukuwa. Nilikukasirikia, Papa Furaha. Nilikukasirikia vile sijawahi kukukasirikia ulipokuwa hai. Nilipasua vikombe viwili. Ulisema utanikuta Kashebere! Ulikuwa ng'ambo ya kilalo, gari inawaka, barabara wazi, muke wako na watoto wako mbele, na ukageuza usukani. Sababu ya bibi mumoja ambaye hata hakupona. Myaka yote nilikuwa na moteri ya kukasirikia, na mimi mwenyewe. Sasa moteri imetoka, na mimi nimetoka, nimebaki na wewe tu. Usiku ule sikusali. Ya kufuata pia.

Ya tatu nilisali, lakini ilikuwa zaidi kukutukana kuliko kusali. Ninafikiri Mungu alikupelekea vilevile bila kupunguza.

Siku ya kwanza ya juma ikafika, nikarudi kwa Papa Kasereka na Mama Kavira, mapema tena. Nilimuomba Papa Kasereka anipe ufunguo.

"Unajua kuendesha, mama?"

"Ninajua kungoja."

Nikaingia mu ile ya mazutu. Niligeuza nusu. Taa ya njano ikawaka. Niliitazama ile taa mpaka ikazimika yenyewe, kisha njo nikageuza. Ikawaka. Nikaizima. Nikangoja ipoe mpaka jua lilipanda, Papa Kasereka analalamika kwamba ninamuharibia asubuhi, nikawasha tena. Ikawaka. Nikamuambia aweke mawe nyuma, ya kujaza kweli, na shofere wake apande nayo ule mulima wa nyuma ya parokia. Ile ya esanse pia, na mawe yaleyale. Ya esanse ilifika katikati, ikaanza kupiga kelele, ikateleza. Ya mazutu ilipanda polepole, bila kubishana.

Nikafunga macho nikaisikiliza yote, toka chini mpaka juu. Haikuwa imechoka kama yetu. Boji zake, vile vyuma vya kupasha moteri moto, ni mpya. Lakini hata ingekuwa yetu, Papa Furaha, ningeichagua. Kwa muzigo na kwa matope njo yenyewe. Nilichagua vizuri ile siku, ulikuwa umeniambia, na nilikataa kukuamini sababu ulikufa.

"Hii," nikamuambia Mama Kavira.

"Masikio yamerudi?"

"Yamerudi, mama."

Alitoa maji yake ya baraka akamwaga juu ya kapo, mengi mno, mpaka Papa Kasereka akauliza kama tunainunua ao tunaiosha.

Ilibaki Furaha. Toka zamani, akiniuliza kwa nini papa hakutufikia, nilikuwa ninamujibu kwamba gari ilikataa. Nilifikiri ni jibu la huruma. Jana nilimukalisha, nikamuambia ukweli wote, kilalo, Mama Sifa, yule bibi, mulango wazi. Aliniacha nimalize. Ni mutoto wa kungoja, kama wewe.

Kisha akasema: "Basi angetuchukua siye kwanza."

Nilimuambia kwamba njia ya miguu ilikuwa salama kwetu kuliko barabara, kwamba ulitutuma mbele sababu ulitupenda kupita wote. Alinitazama vile watoto wanatazamaka muntu muzima asiyejua kitu na anajifanya anajua. Akachukua daftari yake akaenda nje.

Nilikaa pale. Nilitaka kumufuata, sikumufuata. Ninafikiri nilimuambia kweli. Lakini kuna nafasi ndogo mu kweli ile ambayo mimi mwenyewe sioni ndani yake, na wewe peke yako ungeweza kuijaza, na hauko. Atakapokuwa mukubwa, ao atakusamehe, ao atakuwa muntu wa kurudi toka ng'ambo ya kilalo kama wewe, na mimi nitaogopa siku zote. Sijui ninaomba gani kati ya hizo mbili.

Kesho kutwa gari inatoka mara ya kwanza kwenda Kashebere na mawese. Nitakaa mbele pamoja na shofere. Nyabiondo bado siwezi. Siku njia yake itakapofunguka nitakuja nyuma ya depo, na nitamuleta Furaha, akuulize mwenyewe.

Lala, Papa Furaha. Mimi sikukuua. Nimeliandika hapa ili nilisome tena asubuhi nikisahau. Na hasira yangu usiiogope, ni ya muke kwa bwana yake, itapita na itarudi, tulikuwa hivyo hata zamani.

Ni mimi, muke wako,
Mama Furaha na Baraka